Paka wangu amepofuka kwa sindano ya antibayotiki, na hakupimwa mkojo wala uzito

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira. Paka wangu dume wa miaka minne haoni tangu mwezi uliopita, na kilichompofusha si ugonjwa bali ni dawa aliyodungwa katika kliniki moja ya mifugo hapa Dar es Salaam.

Alianza kwa kuingia kwenye sanduku lake la mchanga kila baada ya dakika chache, akichuchumaa na kulia, kisha akiacha matone mawili matatu yenye damu. Nilimpeleka kliniki asubuhi hiyohiyo. Daktari alimbonyeza tumbo, akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, akatoa kabatini chupa ya mililita 100 yenye picha ya ng'ombe. Mizani ilikuwa palepale mezani, lakini hakumpima, wala hakuchukua hata tone la mkojo. Alivuta mililita moja nzima, akamdunga, akaniambia nirudi kesho na keshokutwa. Nilirudi, kwa sababu nilimwamini.

Siku ya nne paka aligonga mguu wa kiti. Jioni aliruka kwenda dirishani, mahali anaporuka kila siku, akaangukia sakafuni. Nilipommulika kwa tochi ya simu, mboni zake zilikuwa zimetanuka, nyeusi tii, na hazikusinyaa.

Daktari wa pili aliitazama picha ya chupa niliyokuwa nimeipiga siku ya mwisho, akanifafanulia hesabu ambayo mwenzake hakuifanya. Dawa ile ni enrofloksasini ya asilimia 10, yaani miligramu 100 katika kila mililita. Kwa paka haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa kuwa ikizidi hapo inaweza kuharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mara nyingi uoni haurudi. Paka wangu ana kilo nne. Kiwango cha juu kabisa kwake kilikuwa miligramu 20, sawa na sehemu ya tano ya mililita. Alipewa mara tano ya hapo, siku tatu mfululizo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huenda hakuhitaji antibayotiki yoyote. Paka wengi wa umri wake wanaojikamua hivyo hawana bakteria: kibofu kimevimba chenyewe, mara nyingi kwa mfadhaiko, au kuna fuwele kwenye mkojo, na wanachohitaji ni dawa ya maumivu na maji ya kutosha. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 kuhusu maambukizi ya mkojo kwa mbwa na paka unataka mkojo wa paka uoteshwe maabara, yaani uachwe ionekane kama kuna bakteria watakaoota. Sasa hatutajua kamwe, kwa sababu mkojo uliochukuliwa baada ya sindano tatu hauwezi tena kutoa jibu la kuaminika.

Isitoshe, mwilini enrofloksasini hugeuka kwa sehemu kuwa siprofloksasini, dawa ileile tunayoandikiwa sisi hospitalini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Tunahubiriwa kila siku kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, halafu katika kliniki za mbwa na paka dawa hiyo inadungwa kwa kukisia. Nakubali kwamba sisi wateja tunachangia, maana wengi huona hawajatibiwa wasipopewa sindano. Lakini mwenye taaluma ndiye anayepaswa kukataa.

Nilirudi kliniki kuomba kumbukumbu za matibabu, nikajibiwa kwamba hawaweki mafaili ya paka. Risiti zote tatu zimeandikwa neno moja tu, "matibabu". Nimekwisha kuandaa barua kwa Baraza la Veterinari, na naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kufikisha lalamiko huko: je, risiti zisizotaja dawa, picha ya chupa na maelezo ya maandishi ya daktari wa pili vinatosha, au kuna kielelezo kingine nikitafute kabla sijaipeleka?