Hela ya Kenya imeshuka Namanga au ya kwetu ndo imepanda?

fuso_la_karatu:
Wakuu habari za jioni. Mimi napeleka vitunguu vya Mang'ola mpaka Namanga pale mpakani na Kenya, mteja wangu anatoka Nairobi analipa hela ya Kenya na bei tulishaelewana toka mwezi wa tisa. Kipindi kile nikichenji napata 20 na ushee kwa shilingi moja ya Kenya, kuja Disemba hii ya 2024 naambiwa 18, yani wala hawaoni haya. Mzigo wa laki tano ya Kenya ulikuwa unanipa zaidi ya milioni 10 ya kwetu sasa nabaki na 9 na kitu, na mkulima shambani hajapunguza hata mia. Kenya kumetokea nini jamani?

mzee_wa_chenji:
Kenya hakujatokea kitu mkuu, hela yao toka katikati ya mwaka imeganda kwenye 129 kwa dola. Iliyotembea ni ya kwetu. Mwezi wa tisa dola ilikuwa 2,700 saizi 2,400, gawanya kwa 129 utaona mwenyewe, 21 imekuwa 18 na nusu na hapo mchenjaji hajakata chake. Huu ndo msimu wa korosho, na dola za dhahabu na watalii nazo zinaingia, shilingi lazima ipate nguvu. Dai bei kwa Tsh basi, yeye ndo ahangaike na chenji.

mama_marikiti:
Boss mimi niko upande ule mwingine, nanunua vitunguu vya kwenu nauza soko la Marikiti, Nairobi. Hiyo ya kudai Tsh ni rahisi kusema. Mbona hamkulia Januari bob yetu ikiwa 160 kwa dola? Shilingi yetu moja ilikuwa inashika kama 15 ama 16 ya kwenu, pesa ileile mzigo kidogo, na kastoma hapa hataki stori ya dola. Februari serikali ikakopa Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka soko la nje, ya dola bilioni 1.5 kulipa ile ya zamani iliyokuwa inaiva Juni, walioficha dola wakaanza kuziachilia, mwisho wa Machi tukawa kwa 130 hivi. Kwa hivyo mwezi wa tisa wewe ndo ulikula. Na ukikaza sana kuna vitunguu vya Ethiopia vinapita mpaka wa Moyale, birr yao waliiachilia soko liamue bei Julai ikaanguka vibaya, bei yao si mchezo.

dada_longido:
Mi sichenji kabisa. Hela ya Kenya ikiingia nanunua mafuta ya kupikia na sabuni hapohapo ng'ambo narudi navyo, mzigo wangu hauzidi dola 2,000 kwa hiyo natumia kile cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki. Hela yao ikilegea kwangu na sabuni inakuwa rahisi, ninachopoteza kwenda nakipata kurudi

fuso_la_karatu:
Dada sabuni za milioni tisa Karatu nitamuuzia nani 😀 Mama Marikiti kumbe birr nayo imo, hiyo sikuijua. Je mimi na mteja tukiandikiana kwamba reti ikicheza zaidi ya shilingi moja, juu au chini, hasara tunagawana nusu kwa nusu?

mama_marikiti:
Hiyo hata mimi kama mnunuzi naeza kubali. Lakini mtumie reti ya siku ya kupakia, si ya siku unafika Namanga, kwa sababu hapo katikati ndo watu huchezewa.

mzee_wa_chenji:
Na ulizeni benki kabla ya kuuliza vijana wanaochenji hela getini mpakani