Kompyuta ya gemu kwa bajeti finyu: nianze na prosesa yenye grafiki ya ndani, au nibane vingine nipate kadi ya grafiki?

mwanzo_mpya

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu kuunda kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu kwa bajeti ambayo haitoshi kununua kila kitu kwa mpigo. Skrini ninayo tayari, ni ya 1080p yenye 75 Hz, na sina mpango wa kuibadilisha karibuni. Gemu ninazolenga ni za aina mbili: za mashindano ya mtandaoni kama Valorant na Counter-Strike 2, ambazo nacheza na wenzangu mara kwa mara, na zile kubwa za hadithi, ambazo ningependa kuzimaliza hata ikibidi nishushe mipangilio ya picha.

Nimebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua Ryzen 5 5600G, yenye grafiki ndani yake, nianze kucheza mara moja, kisha niongeze kadi ya grafiki fedha zitakapopatikana. Ya pili ni Ryzen 5 5600 isiyo na grafiki pamoja na kadi kama RX 6600, lakini hapo italazimu nibane kwingine: RAM iwe kijiti kimoja cha GB 8, na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iwe ile ya hali ya chini inayouzwa ikiwa ndani ya kasha. Ipi ina busara zaidi, na je, hapo ninapotaka kubana panabanika?

fundi_wa_bodi

Karibu, mkuu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linaathiri yote mengine: hapana, hapo hapabanwi, na hasa kwenye pawa saplai.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa pawa saplai za namna hiyo. Igeuze uangalie jedwali dogo lililobandikwa upande mmoja, utafute mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki huchota karibu umeme wao wote hapo. Ukikuta ampea 25, zidisha kwa 12, utapata wati 300. Hizo ndizo wati zako za kweli, hata kama ubavuni imeandikwa 500. Sasa linganisha na mahitaji. RX 6600 imepangiwa wati 132, na Ryzen 5 5600, ingawa huitwa ya wati 65, imeruhusiwa kufika wati 76 ikielemewa. Hizo ni 208 kabla hujahesabu bodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), SSD (diski ya kuhifadhia), feni na vifaa vya USB, na bado kadi huwa na miruko ya ghafla ya milisekunde chache inayopita kiwango chake cha kawaida. Ndiyo maana AMD, watengenezaji wa Ryzen na RX, hupendekeza pawa saplai ya wati 450 kwa kadi hiyo. Mimi ningechukua ya wati 550 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, ili siku ukibadilisha kadi usilazimike kubadilisha na pawa saplai.

Jambo jingine ambalo wengi hulichukulia sivyo ni nembo ya 80 PLUS. Nembo hiyo inaeleza ni sehemu gani ya umeme unaotoka ukutani inayovifikia vifaa bila kupotea kama joto. Haielezi kama ulinzi dhidi ya shoti au volti kuzidi umo ndani na unafanya kazi. Chukua yenye nembo, ndiyo, lakini usiishie hapo. Soma majaribio ya watu walioifungua na kuielemeza mzigo. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na bodi, kadi na SSD, na hakuna kifaa kingine ndani ya kasha chenye uwezo wa kukuharibia vyote kwa mara moja.

mpenda_fremu

Naungana na fundi kuhusu pawa saplai, nami nizungumzie prosesa hizo mbili, kwa kuwa majina yake yanafanana kiasi cha kumfanya mtu adhani tofauti ni herufi moja tu.

Zote mbili zina kori 6 na nyuzi 12, lakini 5600 ina kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya ngazi ya tatu ya MB 32, wakati 5600G ina MB 16. Kwenye kazi za ofisi huenda usione tofauti yoyote; kwenye gemu unaiona, hasa hizo za mashindano, ambako kadi haielemewi na prosesa ndiyo inayoamua idadi ya fremu, yaani picha kwa sekunde. Pili, 5600G inawasiliana na kadi kwa PCIe (kiunganishi cha bodi chenye njia za kupitisha data) toleo la 3.0, ilhali 5600 inatumia PCIe 4.0. Kwa RX 6600, inayotumia njia 8, hasara ni ndogo. Lakini kuna kadi inayowavuta sana wenye bajeti finyu, RX 6500 XT, ambayo inatumia njia 4 tu na toleo lake la kawaida lina GB 4 za kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi inaanza kuchota data kutoka kwenye RAM kupitia njia hizo chache, na juu ya PCIe 3.0 gemu inakwama-kwama vibaya. Kwa hiyo ukienda na 5600G, tafadhali kadi hiyo usiiweke hata kwenye orodha.

Ama kuhusu kucheza bila kadi: grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. Vijiti viwili vya DDR4 vya kasi ya 3200 vikifanya kazi pamoja vinapitisha takriban GB 51 kwa sekunde. Kijiti kimoja kinapitisha nusu yake. RX 6600 ina GB 224 kwa sekunde kwa matumizi yake peke yake. Pengo hilo halizibwi na mipangilio ya picha. Valorant itakwenda vizuri kwenye 5600G, Counter-Strike 2 itakwenda ukishusha mipangilio, lakini gemu kubwa za hadithi za miaka ya karibuni utazicheza kwa picha hafifu na fremu chache, na nyingine hazitachezeka kabisa. Na kama utaichagua hata hivyo, vijiti viwili vya RAM ni lazima, si anasa.

bahari_tulivu

Wenzangu, mbona hakuna aliyetaja kompyuta za ofisi zilizotumika? Mtu anaweza kuchukua Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka ofisini, ikiwa na prosesa, RAM, kasha na pawa saplai tayari, akaongeza kadi tu. Kwa bajeti finyu sioni njia inayokufikisha kwenye gemu haraka kuliko hiyo.

fundi_wa_bodi

Ni njia halali, na kwa mtu wa gemu za mashindano pekee ningeipendekeza bila wasiwasi. Shida ni mipaka yake, ambayo mnunuzi hugundua baada ya kulipa. Pawa saplai za kompyuta hizo mara nyingi zina umbo na viunganishi vyake pekee, hivyo huwezi kuweka ya kawaida, na nyingi hazina waya wa kuipa kadi umeme wa ziada. Unabaki na wati 75 ambazo nafasi ya PCIe inaruhusiwa kutoa, yaani kadi za aina ya GTX 1650 zisizo na kiunganishi cha umeme. Kasha likiwa lile jembamba, hata hizo hazitaingia isipokuwa ziwe fupi kwa kimo.

Angalia pia umri wa prosesa. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel na inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na muda wa kawaida wa Windows 10 kupata masasisho uliisha Oktoba 2025. Valorant nayo, ikiwa ndani ya Windows 11, inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) viwe vimewashwa. Mwenzetu ametaja gemu hiyo kwa jina, kwa hiyo kompyuta ya ofisi ya kizazi cha 6 au cha 7 ingemletea usumbufu kwenye gemu anayoicheza mara kwa mara.

kasha_wazi

Mimi naona ipo njia ya tatu, na inatoka ndani ya hizo mbili za mwanzo: 5600, vijiti viwili vya RAM vya GB 8, pawa saplai mpya iliyo nzuri, halafu kadi iwe iliyotumika. Ndicho kifaa ambacho mtumba wake unaokoa fedha nyingi na ambacho mnunuzi anaweza kukikagua mwenyewe kabla ya kulipa.

Ukaguzi wenyewe ufanywe kwa utulivu, bila aibu mbele ya muuzaji. Tazama meno ya dhahabu yanayoingia kwenye bodi, yawe masafi na yasiwe na alama ya kuungua. Tazama skurubu za mgongoni, maana zilizochubuka zinaonyesha kwamba kadi ilifunguliwa, jambo ambalo si baya ikiwa muuzaji anaweza kueleza sababu. Zungusha feni kwa kidole usikie kama zinakwaruza. Kisha kadi iwekwe kwenye kompyuta inayowaka, ifunguliwe programu ya GPU-Z, usome jina la chipu na kiasi cha kumbukumbu. Zimekuwapo kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kifaa) ili zijitambulishe kama mpya zaidi, na programu hiyo huziwekea alama kwamba ni bandia. Mwisho, endesha gemu nzito kwa muda wa kutosha joto litulie, ukiangalia kama skrini inatoa vidoa, mistari, au inazima. Muuzaji anayekataa hatua hii, muage kwa heshima.

Kuhusu kadi zilizochimba sarafu za kidijitali: Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, na nyingi ziliingia sokoni baada ya hapo. Sizikatai zote. Kilichochakaa zaidi humo huwa ni feni na pedi za joto, ambavyo hubadilishika. Kinachonitia shaka ni muuzaji anayeficha historia.

Nitakachokataa ni pawa saplai iliyotumika isiyojulikana ilikotoka, kwa sababu hali yake ya ndani huwezi kuiona kwa macho wala kwa programu.

mwanzo_mpya

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Nimeamua kwenda na hiyo njia ya tatu: Ryzen 5 5600, RAM ya GB 8 mara mbili, pawa saplai mpya ya wati 550, na nitaitafuta RX 6600 iliyotumika, hata ikinilazimu kusubiri kidogo hadi nipate iliyo safi. Limebaki suala la bodi. Je, bodi ya A520 inatosha, au nijinyime zaidi nipate ya B550? Na je, nakosea kubaki kwenye AM4, soketi ya prosesa hizi, wakati AM5 ipo tangu 2022?

mpenda_fremu

Kuhusu AM4, ni kweli soketi hiyo ni ya tangu 2016 na haitapata kizazi kipya kabisa cha prosesa, huku AMD ikiwa imeahidi kuiendeleza AM5 hadi 2027 na zaidi. Mwenye uwezo wa kuimudu AM5 kwa starehe, aende nayo. Lakini AM5 inakubali RAM ya DDR5 peke yake, na bodi zake zinachukua sehemu kubwa ya bajeti ambayo wewe unaihitaji kwenye kadi. Ukiingia huko kwa kujikamua utaishia na jukwaa jipya na kadi dhaifu, na kwa skrini ya 1080p utaiona hiyo kadi dhaifu kila siku. Isitoshe AM4 bado ina ngazi moja ya kupanda: prosesa zenye kache kubwa kama 5700X3D, yenye MB 96, zinaingia kwenye bodi hiyohiyo baada ya kusasisha BIOS.

A520 inatosha kwa 5600. Utakachokosa ni PCIe 4.0 na uwezo wa kuongeza kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani, na pengine utapata nafasi moja tu ya SSD ya M.2, ile ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Kama tofauti ni ndogo, chukua B550. Kama inakula fedha za kadi, usiichukue. Kwa vyovyote vile hakikisha BIOS ya bodi inaitambua Ryzen 5000, au bodi iwe na kitufe cha kusasishia BIOS bila prosesa, hasa ukishawishika kununua B450 iliyokaa dukani muda mrefu.

fundi_wa_bodi

Niongeze mambo ya siku ya kuunganisha, kwa sababu ndiyo yanayofanya kompyuta nzuri ionekane mbovu. Bodi ikiwa na nafasi nne za RAM, vijiti viwili huwekwa katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na ubonyeze mpaka usikie mlio wa kufunga. Ukiwasha, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Usipofanya hivyo RAM uliyoinunua ya kasi ya 3200 itaenda kwa 2133 au 2666 bila kukuambia. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi yenyewe, si kwenye bodi, maana 5600 haina grafiki na tundu la bodi litakupa skrini nyeusi. Na feni inayokuja ndani ya boksi la 5600 inatosha. Ina gundi ya joto iliyokwisha kupakwa, kwa hiyo usipake nyingine juu yake.

SSD hukuitaja. Chukua ya NVMe, ambayo ndiyo aina ya haraka, na usome maelezo yake vizuri, kwa kuwa zipo za umbo la M.2 ambazo ndani yake ni SATA, aina ya polepole.