Mkaguzi wa bima kasimama getini, kaandika paa langu "halina uharibifu"

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mvua ya mawe imetupiga mtaani kwetu hapa Mbeya, na upepo juu yake. Nyumba yangu ni ya mkopo wa benki, kwa hiyo bima nalipa kila mwaka, nitake nisitake. Nikawaita. Mkaguzi akaja saa sita mchana, akasimama getini, akapiga picha kwa simu, akauliza kama kuna panapovuja. Nikamjibu bado. Ripoti inasema paa halina uharibifu, ni "uchakavu wa kawaida".

Bati lililopigwa na mawe halikaguliwi ukiwa chini, tena jua likiwa la utosi! Fundi wangu alipanda asubuhi, jua linapiga kwa ubavu, na vishimo vikaonekana vimejaa upande wote wa kusini ulikotokea upepo. Upande wa pili, hakuna. Uchakavu gani huo unaochagua upande mmoja wa nyumba? Akalaza chaki ya ubao na kuipitisha juu ya bati: kila palipobonyea pakabaki bila chaki. Kwenye baadhi ya vishimo rangi imepasuka, na hapo ndipo kutu itakapoanzia.

Kibaya zaidi ni misumari. Upepo umenyanyua bati pale ukingoni, misumari imepanda juu, raba zake zimeachia na matundu yametanuka. Kofia ya paa, lile bati la kileleni, imesogea. Ingia darini uone: papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, zina alama za maji kuzunguka misumari. Jipsamu ya dari bado ni nyeupe, ndiyo maana mtu wa getini anasema haivuji. Anasubiri dari linidondokee ndipo aamini?

Hata gata limebonyea, na lipo usawa wa macho yake.

Wengi wetu tumeezeka geji 30 au 32, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi. Halafu mtu wa bima anachukulia mvua ya mawe kama manyunyu, wakati Machi 2015 kule Mwakata, Kahama, mvua ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 30 na kubomoa nyumba!

Mliopigwa juzi, msikubali fundi apake silikoni kabla hamjapiga picha kila tundu. Mawe yakianguka tena, yapigeni picha kando ya rula kabla hayajayeyuka. Na msipande bati likiwa limelowa.

Mimi fomu yao sijasaini. Nimeandika barua nikitaka mkaguzi mwingine, aje na ngazi. Wakikataa naenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Aliyewahi kupeleka shauri la paa huko aniambie alidaiwa vielelezo gani na lilichukua muda gani, maana mvua za masika ndizo hizi.