Pai haina mwisho: je, namba yako ya simu imo humo?

MLETA MADA (Mikindani, Mtwara)
Wakuu, poleni na majukumu. Kijiweni kwetu kuna kijana karudi likizo toka chuo, kawaambia wazee kuwa tarakimu za pai (mzingo wa duara ukiugawanya kwa kipenyo chake, 3.14159...) haziishi wala hazijirudii, kwa hiyo kila kitu kimo humo: namba yako ya simu, hata tarehe utakayokufa. Kuna waliocheka, kuna waliokunja uso. Mimi nasema kapotosha. Kutokuwa na mwisho ni jambo moja, kuwa na kila kitu ni jingine. Andika 0.101001000100001... kila hatua ukiongeza sufuri moja kabla ya 1 inayofuata. Haiishi, haina kipande kinachojizungusha, na 2 hutaiona humo mpaka kiama. Nani anabisha?

FUNDI SIMU (Masasi)
Nabisha mimi. Hiyo umeitunga mwenyewe, mkuu. Pai haikutungwa na mtu. Kompyuta zimeshahesabu zaidi ya tarakimu trilioni 200, na kuanzia 0 hadi 9 zinatokea karibu sawasawa. Sita za 9 zikifuatana? Zipo, nafasi ya 762. 0123456789? Ipo pia. Unataka nini tena?

MLETA MADA
Malizia basi, ipo nafasi ya ngapi? Ya 17,387,594,880! Sufuri yenyewe ya kwanza haitokei hadi nafasi ya 32. Trilioni 200 ni nyingi kwa bando lako, fundi. Kwa kitu kisichoisha hujaanza hata kuhesabu.

MKULIMA (Newala)
Sisi tulifundishwa pai ni 22/7. Hayo mengine yametoka wapi?

MWALIMU WA HESABU (Lindi)
Shikamoo mzee wangu. 22/7 ni makadirio tu, lakini umetupa mfano mzuri kuliko wetu wote. Igawanye: 3.142857142857... Haiishi, na baada ya nukta hupati 0, 3, 6 wala 9. Pai yenyewe haizunguki hivyo. Mwanahisabati Lambert alilithibitisha hilo miaka ya 1760. Ila kutozunguka hakutoshi, kama mleta mada alivyoonyesha. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha hata kwamba 7 itaendelea kutokea kwenye pai bila kukoma.

Namba zenye kila mfuatano zipo kweli. Mwaka 1933 Mwingereza mmoja, Champernowne, aliziandika namba nzima kwa kuzipanga tu: 0.123456789101112... Humo simu zote za Tanzania zimo. Zinaanza na 0, sawa, lakini weka 1 mbele ya 07 yako, tayari ni namba nzima, na zamu yake itafika.

MKULIMA (Newala)
Marahaba. Kumbe mnada wa korosho ukiendelea milele, si lazima siku moja lipite gunia la ufuta.

FUNDI SIMU
Mwalimu, nimesoma kwamba mwanahisabati Borel alionyesha mwaka 1909 kuwa karibu namba zote zina kila mfuatano. Pai iwe nje kwa kosa gani?

MWALIMU WA HESABU
Ukiokota namba kwa bahati nasibu, uwezekano ni asilimia 100. Pai hatukuiokota. Hata 22/7 iko kati ya zile chache zilizobaki nje. Mimi naamini pai inayo mifuatano yote, na wanahisabati wengi wanaamini hivyo. Darasani nasema "tunaamini". Kijana alipaswa kusema hivyohivyo.

MAMA LISHE (Lindi)
Nimesoma kimya, ila hapo kwenye kifo mmepita haraka. Tuseme tarehe yangu imo. Si na ya jana imo, na ya mwaka 1800, na ya mwaka 3000? Sasa nani ataninyooshea kidole kwamba yangu ndiyo hii? Kijana asitishe wazee.

FUNDI SIMU
Kwenye kifo nimekuelewa, mama. Kwenye pai bado nipo palepale: mwenye mfuatano anaodhani haumo, auweke hapa.

MLETA MADA
Nikuwekee wa tarakimu hamsini, uutafute mpaka lini?