Tupeane uzoefu: kuzamia na mtungi bila haraka

Wakuu, mbona hewa humwishia mmoja mapema na mwenzake bado anayo, na mitungi ni sawa? Nasema ni papara. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo), ukiacha bar 50 za akiba, una lita 1,800 za kutumia. Kina cha mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu ya maji. Aliyetulia, anayetumia lita 15 kwa dakika akiwa juu, huko chini hutumia 45: dakika 40. Mwenye papara wa lita 25 hutumia 75, na dakika 24 zimekwisha. Ongezeni ya kwenu.

Nungwi: Mwendo ukizidi mara mbili, maji hukukinza karibu mara nne. Piga mapezi kama chura mara moja, teleza mpaka kasi ife, ndipo upige tena. Mikono ikunje kifuani. Ukitia hewa kwenye jaketi la kuelea, bonyeza kidogo na usubiri, maana mwili huchelewa kuitikia. Wengi hubonyeza tena na tena, wakipanda wanashangaa.

Diani: Je, nikibana pumzi si nitaokoa hewa zaidi?

Nungwi: Hapana, ndugu yangu! Hewa chafu hujaa mwilini, kichwa kinauma, hofu inapanda. Tena ukipanda umebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Vuta taratibu, toa kwa kirefu zaidi. Pumzi zikianza kuwa fupi, simama, mwashirie mwenzako, msiendelee mpaka zirudi.

Pemba: Msisahau maji yenyewe. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu, na hakuna utulivu kwa anayeshindana nao. Chagueni maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, au shukeni maji yakikaribia kusimama. Mkondo ukiwakuta, jificheni nyuma ya mwamba bila kushika matumbawe.

Watamu: Kushuka nako ni hivyo hivyo. Zibua masikio kila mita moja, kabla hayajauma. Yakikataa, panda mita moja ujaribu tena. Usilazimishe.

Mafia: Na kupanda: usizidi mita 9 kwa dakika, kisha tulia mita 5 kwa dakika 3. Mtungi wa alumini ukikaribia kwisha huwa mwepesi na kukuvuta juu, kwa hiyo hakikisheni vipande vya risasi vya uzito mkandani vinatosha kuwashikilia hapo mita 5 mtungi ukiwa na bar 50.