Kamati ya shule kazi yake ni kuchangisha tu? Michezo, uji na malezi ya watoto vinasimamiwa na nani?

Kipimajoto (mleta mada)
Wakuu, juzi nilikuwa kwenye mkutano wa wazazi, shule ya msingi ya serikali, wilaya siitaji. Asubuhi nzima ni matokeo ya moko, mchango wa mlinzi, rimu za karatasi na masomo ya ziada ya la nne na la saba. Mama mmoja akauliza mbona watoto hawachezi tena Ijumaa jioni, na mtoto mwenye shida nyumbani anamwona nani pale shuleni. Mwenyekiti wa kamati akamjibu, "Hilo tutalipeleka kwenye mengineyo." Mengineyo yalipofika watu walishaanza kuondoka. Mwenyekiti mwenyewe muuza mkaa, mnategemea nini? Tujadili: kamati ifanye nini ili mtoto asiishie kukariri majibu ya mtihani?

Binti Tanuru
Muuza mkaa amefanyaje? Mimi nimesoma kwa mkaa wa Mbagala hadi nikamaliza chuo. Baba alikuwa hakosi kikao cha shule hata kimoja, anakuja na mikono myeusi, anakaa mbele. Wewe msomi siku ya uchaguzi wa kamati ulikuwa wapi?

Kipimajoto
Dada, umeacha mada yote umeshika mkaa.

Binti Tanuru
Wewe ndiye uliyeuleta.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu, hiyo ya "watoto hawachezi" imeniuma. Darasani kwangu wako 140. Mwalimu wa michezo ni mimi, wa stoo ni mimi, na wa ushauri nasaha ni mimi pia: nilipewa barua ya uteuzi, mafunzo sikupewa. Ofisi ya ushauri ni chini ya mwembe. Juzi binti wa darasa la sita ananieleza mambo ya baba yake wa kambo, mara wenzake wakapita na mafagio, akanyamaza. Akageuza maneno, eti anaumwa tumbo. Kamati ingenitengea kona ya stoo, benchi moja na pazia, ningefanya kazi. Hilo halihitaji hata mfadhili.

Mzee wa Kengele
Mwalimu pole, lakini na nyie fimbo zimezidi. Nani atamweleza siri mtu aliyemchapa asubuhi?

Chaki Nyeupe
Mzee wangu shikamoo, ila usinibebeshe ya wengine. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mkuu wa shule achape mwenyewe au aidhinishe mwalimu, na viandikwe kitabuni. Kamati imewahi kuomba kukiona hicho kitabu? Waulizeni kwanza kama wanajua kipo.

Mzee wa Kengele
Marahaba. Sisi tulichapwa na tukawa watu.

Kipimajoto
Mzee, ungekuwa mtu usingekuwa unatetea fimbo saa tano usiku mtandaoni.

Mzee wa Kengele
Mtoto wa juzi huyu. Aliyeua michezo shuleni si kamati, ni wakubwa wa enzi za Mkapa waliosimamisha UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania.

Kona Bar
Enzi hizo iliitwa UMISHUMTA mzee, hiyo "TA" ya taaluma imeingia baadaye. Halafu ilisharudishwa zamani, kwa hiyo hicho si kisingizio. Kinachoua michezo ni viwanja. Kwetu kamati ilikubali fremu za maduka zijengwe upande wa barabarani, eti shule ipate mapato. Goli moja sasa liko nyuma ya duka la vifaa vya simu.

Binti Tanuru
Na hiyo kamati mwenyekiti wake alikuwa na digrii, au siyo? 😂

Kona Bar
Mhasibu mstaafu.

Binti Tanuru
Asante. Sina la kuongeza.

Mhazini wa Kata
Niko kamati ya shule, nisaidie kidogo, mtanitukana baadaye. Ruzuku ya elimu bila ada kwa msingi ni sh. 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Shule yenye watoto 800 ni milioni 4.8, yaani laki nne kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati na mpira wa miguu. Sisi tulichofanya: suala la watoto tulilitoa kwenye mengineyo, sasa ni ajenda ya tatu, kabla ya fedha. Mwalimu wa malezi anatoa taarifa bila majina: wangapi wamekuja, kwa shida gani, wangapi hawaonekani tangu wiki iliyopita. Ndipo tukajua utoro wa Jumatatu ulitokana na uji. Ambao wazazi hawakuchangia mahindi walikuwa wanakaa pembeni na vikombe vyao vitupu. Tukakubaliana hakuna mtoto wa kuzuiwa kikombe, mdaiwa ni mzazi.

Mama Wawili
Kwa hiyo sisi tunaolipa tunawalishia wavivu! Debe la mahindi nimetoa, maharage nimetoa, kuni nimetoa. Wacha basi na mimi nisitoe tuone.

Mhazini wa Kata
Mama, mdaiwa anaitwa ofisi ya mtendaji. Mtoto wa darasa la pili hana deni.

Mama Wawili
Ofisi ya mtendaji gani? Wetu anapatikana kwa miadi.

Chaki Nyeupe
Mhazini, hiyo taarifa bila majina naiomba mfano wake, hata picha ya karatasi.

Mhazini wa Kata
Nakutumia faragha, mwalimu.

Mzee wa Kengele
Mhazini, posho ya kikao mnalipana shilingi ngapi?

Mhazini wa Kata
Soda na maandazi.

Mzee wa Kengele
Kutoka kwenye ile laki nne?

Kona Bar
Hapo sasa ndipo penyewe. Mhazini usikimbie, soda ngapi?

Mama Wawili
Kumbe! Na mahindi yangu je?