Mrejesho: mguu uliovimba na matone ya damu baada ya mionzi

Dada zangu, shikamooni wakubwa. Niliuliza kuhusu mguu wangu wa kushoto uliovimba na matone ya damu ukeni, wakati matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi nilishamaliza. Wengi mlinisihi nisingoje tarehe ya kliniki. Asanteni sana, maana usingizi ulikuwa umenipaa.

Niliondoka nyumbani Kayole, Nairobi, alfajiri kwenda hospitali. Daktari alibonyeza kidole juu ya kifundo, kikaacha shimo. Akaniagizia kwanza ultrasaundi ya mishipa, kwa sababu damu ikiganda mguuni, bonge linaweza kukatika likaenda mapafuni. Hakuna bonge. Ndipo ikafuata MRI ya nyonga, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na hakuna uvimbe mpya ulioonekana. Nililia pale pale kwenye benchi, mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono.

Kumbe ni limfedema: mionzi iliharibu njia za limfu, zile zinazoondoa maji ya ziada mwilini, basi maji yanakwama mguuni. Haiponi kabisa, lakini inadhibitika. Nimepewa soksi ya kubana, naivaa asubuhi kabla sijashuka kitandani, na ninapaka mafuta ngozi isipasuke. Nimeonywa kuwa mguu ukiwa mwekundu, wa moto, pamoja na homa, niende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu damu, daktari anadhani ngozi ya uke imekuwa nyembamba kwa sababu ya mionzi. Hata hivyo amekata kipande kidogo cha nyama kipimwe, nami nimefurahi hakukisia tu. Majibu bado, na hofu ipo. Mniombee.